Mwaka Tuliochora juu ya Milango

Chongeni kreyo, hiyo penseli yenu, kwa wembe, si kwa kile kimashine cha plastiki. Nimeanza na hilo kabla ya kuwasalimu, na Mama Masika, mke wangu, amesoma mstari huu juu ya bega langu akasema huo si ustaarabu. Basi jambo, wanangu, jambo sana. Lakini mchonge kwa wembe. Kimashine kinavunja risasi ya ndani na kukupa ncha fupi, nene, isiyojua inakokwenda. Wembe unakupa ncha ndefu kama mwiba wa mlimau. Nimefundisha teknolojia na desen, yaani uchoraji wa ufundi, hapa Butembo miaka thelathini na mmoja, klasi ya tano na ya sita, na mara nyingi nilimjua mwanafunzi kwa ncha ya kreyo yake kabla sijalishika jina lake.

Nimesikia mmechagua opsyo hii, mchepuo huu wa ufundi, na nyumbani hawakupiga makofi. Najua. Ukisema unataka udaktari, shangazi anachinja kuku. Ukisema unasoma desen ya ufundi, mjomba anauliza: “Donc, utakuwa unachora picha?” Msimkasirikie. Mimi mwenyewe nilifundisha somo hili miaka mitatu kabla sijalielewa.

Aliyenielewesha ni Muzee Paluku, mkubwa wa atelye yetu, karakana ya shule, seremala aliyeteremka kutoka Kipese akiwa kijana na randa moja mfukoni. Hakupita klasi ya nne ya primere. Lakini ukimpa kipande cha mti anakinusa, anakuambia kama kilikatwa wakati wa mvua. Mwaka wangu wa tatu kazini, shule moja ya wadogo ilituomba tuwatengenezee madawati arobaini. Nikachora. Ilikuwa desen nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, mistari safi, vipimo vyote mahali pake. Muzee Paluku akajenga sawasawa na karatasi, hakuongeza wala kupunguza. Siku ya kuyapeleka, watoto wakapanda na kukaa. Miguu ikaning'inia hewani kama nguo kwenye kamba, na videvu vikafika juu ya meza. Mwalimu wao mtawa akageuka ukutani ili acheke kwa adabu.

Nikamvuta Muzee pembeni. “Muzee, mbona hukuniambia?”

“Uliniuliza?”

“Uliona ni marefu!”

“Karatasi ulipima,” akasema, akiondoa vumbi kwenye ndevu. “Batoto, ulibapima?”

Nilikata miguu ya madawati arobaini kwa mkono wangu mwenyewe, kwa msumeno, mbele ya wanafunzi wangu. Hakuna aliyenilazimisha. Muzee tu alikuwa ameweka msumeno mlangoni kwangu na kwenda kunywa chai.

Sasa, vita. Sitawaeleza nani alikuwa anapigana na nani. Hata sisi tulijua tumepata mkubwa mpya pale tu muhuri ulipobadilika kwenye makaratasi. Mwaka ninaotaka kuwasimulia, askari walilala shuleni kwetu wiki tatu. Walipoondoka tukaingia kuangalia. Meza zetu za kuchoria, zile pana za mti mwepesi, zilikuwa majivu katikati ya klasi, na juu ya majivu sufuria iliyounguza maharagwe. Te zote zilikuwa zimechomwa. Te ni ile rula ndefu yenye kichwa, unaiteleza kwenye ukingo wa meza ili mistari yako yote iwe ndugu. Ilibaki moja tu, ile aliyoificha Muzee Paluku juu ya dari, pamoja na randa yake.

Nilikaa chini kwenye majivu yale. Nilikuwa mtu mzima, baba wa watoto watatu, nikalia.

Direkta wetu, mtu mpole aliyependa mambo yaishe bila kelele, akaniita kwa bureau. “Mwalimu, tufunge opsyo. Ba klasi ya sita baende kwa pédagogie, basome ualimu. Kule banahitaji chaki tu.”

Nilikuwa nimekwisha kukubali. Nawaambia ukweli. Ni Muzee Paluku, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kofia mkononi, aliyeuliza: “Direkta, kila mutoto kwao iko na mulango?”

“Mulango?”

“Mulango ya mbao. Iko plat sawa meza. Bakuye nayo asubui, barudishe mangaribi.”

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi vijana kumi na mmoja wa klasi ya sita walivuka mji na milango vichwani. Mama wauza mboga waliwapigia kelele: “Munahamia wapi?” Tulilaza milango juu ya matofali, ubavu kwa ubavu, na kila mwanafunzi akapiga magoti mbele ya mlango wa kwao. Siku moja saa nne bibi wa kijana mmoja akaja dirishani kuuliza kwa heshima kama mlango wa choo umemaliza somo, kwa sababu kuna wageni.

Karatasi hatukuwa nazo. Tulichora juu ya mifuko ya saruji. Mfuko ule una tabaka kadhaa. La katikati, ukilikung'uta vizuri na kulipiga pasi ya makaa isiyo kali, linapokea kreyo bila kuchanika. Kompa za kuchorea duara zilikuwa zimeibwa pia. Wengine walifunga kreyo kwenye kamba, nikawakataza: kamba inavutika, na duara lako linageuka yai. Chukua ufito mwembamba, piga msumari upande mmoja, toboa tundu la kreyo upande mwingine. Hiyo haidanganyi. Leo mna mashine inayochora duara kwa kidole kimoja, na ninafurahi kwa ajili yenu, kweli. Lakini umeme ukikatika, tafuteni ufito.

Katika hao kumi na mmoja msichana alikuwa mmoja. Aliitwa Kavugho, wa Vuhovi, akiishi mjini kwa mama yake mdogo. Mlango wake ulikuwa wa rangi ya buluu. Leo ana watoto wanne na watu wa upande wa Mutwanga wanamwita Injinia, maana ndiye anayewachorea njia za maji kutoka mlimani hadi vijijini. Wakati ule alikuwa binti mwembamba mwenye sweta ya kijani, na alikuwa anaongea kidogo hata nikadhani hafuati somo.

Mwisho wa klasi ya sita, kama mtakavyoona, kila mmoja anapeleka kazi yake mbele ya juri, watahini wa diploma: desen kamili, na kitu chenyewe kilichojengwa kwa mkono. Niliwapa orodha ileile ya kila mwaka. Dirisha la vioo viwili. Paa la darasa. Ngazi ya kuzunguka. Kila mmoja akachagua. Kavugho akabaki nyuma.

“Mwalimu, miye nataka kufanya kipoyi.”

Kipoyi mnakijua: fito mbili na blanketi katikati, mgonjwa analala, wanaume wanne wanabeba mabegani. Nikacheka kidogo. “Kavugho, kipoyi haiko teknolojia. Kila kijiji inajua kuifanya.”

“Iko ya banaume bane, Mwalimu. Na banaume habako tena mu njia.”

Ilikuwa kweli. Mwanaume aliyekutana na askari njiani alibebeshwa mizigo yao, na wengine waliobebeshwa hawakurudi. Kwa hiyo wanaume walikuwa wamejificha mashambani na njia zilikuwa za wanawake. Kavugho aliniambia, akiangalia mlango wake wa buluu na si mimi, kwamba mwezi wa tatu uliopita dada yake mkubwa Kanyere alishikwa na uchungu wa kuzaa na mtoto hakutoka. Kutafuta wanaume wanne kulichukua siku nzima na nusu. Walipatikana wawili na wazee wawili. Kanyere alifia kwenye kilima cha mwisho, mahali ambapo mapaa ya Butembo yanaonekana.

“Nataka kipoyi ya banamuke babili,” akasema.

Wanangu, nilikuwa na majibu mengi ya kuchagua. Nilichagua hili: “Pole sana. Lakini juri haipatie machozi pointi, inapatia desen. Chagua dirisha.”

Alikunja karatasi yake, akajitwika mlango, akatoka. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa pia hakuja.

Siku ya tatu Muzee Paluku alikuwa anapiga randa. Akasimamisha mkono. “Mwalimu, ile mulango ya buluu iko wapi?”

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapuliza maranda kutoka kwenye randa yake, polepole.

“Kumi banachora madirisha ya nyumba yenye hakuna mutu atajenga mu vita,” akasema. “Mumoja analeta kitu yenye batu banalilia. Ule njo unafukuza?”

Alasiri ile nilitembea mpaka kwa mama mdogo wa Kavugho. Mlango wa buluu ulikuwa umerudi kwenye bawaba zake. Juu yake bado niliona mistari ya kreyo, ile ya mazoezi ya juma lililopita, na nikabisha hodi juu ya meza ya mwanafunzi wangu mwenyewe. Alifungua akiwa na unga mikononi. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, ya Kifaransa kizuri, lakini yote yalikwisha kuniacha.

“Kavugho, rudisha mulango ku masomo,” nikasema.

“Ya dirisha?”

“Ya kipoyi. Nilikosa.”

Akafuta mikono kwenye kitenge. Hakutabasamu, ila alifunga mlango na papo hapo nikasikia nyundo: alikuwa anatoa bawaba.

Tukaanza. Nami, kwa kuwa nilitaka kulipia kosa langu, nikakosa tena kwa upande wa pili: nikamchorea mimi. Usiku mmoja tu nikamaliza. Gurudumu moja la chukudu chini ya mgonjwa, mikono miwili ya kushika mbele, miwili nyuma, kama toroli mbili zilizooana. Chukudu mnaijua, ile baiskeli nzito ya mbao isiyo na pedali, inayoshusha makabichi milimani. Nikampa karatasi. Akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja vizuri, akaondoka nayo kwenda Vuhovi siku ya posho, Jumamosi.

Jumatatu alirudi na kidaftari kimejaa. Alikuwa amewapima wanawake kumi na wanne: kutoka udongo hadi kiunoni, hadi begani, hadi kwenye paji la uso.

“Paji la uso kwa nini?” nikauliza.

“Mwalimu, banamama banasema mikono haina nguvu ya njia ya masaa tano. Nguvu iko hapa.” Akagusa kipaji chake kwa kidole.

Nikaona haya. Mama yangu mzazi alibeba kuni namna hiyo maisha yake yote, mzigo mgongoni na mkanda ukipita juu ya paji la uso; alikuwa na alama yake mpaka kaburini. Nami nimesoma miaka kumi na saba, nikachora mikono ya toroli.

Basi Kavugho akachora upya. Gurudumu chini ya nyonga za mgonjwa, likisogea kidogo upande wa kichwa, maana huko ndiko kwenye uzito. Mwanamke wa mbele anavuta kwa mkanda wa kipaji. Wa nyuma anasukuma kwa kifua, na mkononi ana kamba inayobana kipande cha mpira kwenye gurudumu wakati wa kushuka. Mimi nilichangia miguu minne ya kukunja, ili kipoyi kisimame chenyewe wakitua kupumzika. Niliipenda sana miguu ile. Ilikunjwa vizuri kama ya panzi.

Muzee Paluku na Kavugho walijenga majuma matatu. Siku ya kujaribu walihitaji mgonjwa, nami ndiye nilikuwa mzito kuliko wote. Wakanilaza, wakanifunika hata blanketi, wasichana wawili wa klasi ya tano wakashika kazi, tukaanza kushuka kilima nyuma ya shule. Katikati kamba ikakatika. Ninachokumbuka ni mawingu yakienda haraka, sauti ya Muzee ikisema “Yesu”, na sombe za mama jirani, majani yake ya muhogo, zikinipiga usoni. Niliruka kutoka shambani nikikimbia, blanketi shingoni.

“Mugonjwa amepona!” akapiga kelele Muzee Paluku.

Walicheka wote mpaka wakakaa chini. Hicho kilikuwa kicheko cha kwanza shuleni tangu askari walale pale, nami nikajipangusa matope polepole ili kisiishe upesi. Kavugho peke yake hakucheka. Alikuwa amechutama, ameshika ncha ya kamba iliyokatika. Tundu la kupitishia kamba lilikuwa na kingo kali, likaitafuna. Muzee akamfundisha: tundu la kamba ukishalitoboa, lichome kwa chuma chekundu mpaka mti ulainike kama mfupa. Kavugho akalichoma. Halafu akarudi kwenye mlango wake wa buluu, akaandika maneno mawili pembeni mwa desen, kwa herufi ndogo. Nikaona, sikutilia maanani.

Juri ilikuwa ije Butembo. Njia ikaharibika, habari ikaja kwamba wenye kutaka diploma waende Beni. Ni kilomita hamsini na kitu tu, lakini mwaka ule kilomita zilikuwa na watu wa bunduki ndani yake. Tukapata kamioni. Tukapakia madirisha, ngazi, kipoyi, na vijana kumi na mmoja, na mimi na bomba la desen kifuani kama mtoto mchanga.

Karibu na Beni kulikuwa na bariere, kizuizi cha askari. Wakatushusha wote. Askari mmoja akaninyang'anya bomba, akatoa karatasi. “Oyo nini?” akauliza kwa Kilingala. Akageuza karatasi huku na huku. Ilikuwa ya Kavugho, na kutoka juu, kama hujui, kipoyi kinafanana na uwanja wenye nyumba na njia. “Commandant! Bako na plan ya camp!”

Mkubwa wao akaja, mtu mwenye macho mekundu ya kutolala. Nikaanza kumweleza kwa Kifaransa, haraka, maneno mengi. Nilikuwa naogopa, na mwalimu akiogopa anafundisha. Akaniinulia mkono ninyamaze.

“Nani alichora?”

“Ni miye,” akasema Kavugho.

Akamkaribia yule mtu, akasimama upande wake kama tunavyosimama mbele ya meza, akaweka kidole juu ya karatasi. “Hapa njo kichwa ya mugonjwa. Hii duara ni gurudumu. Huku mama ya mbele. Huyu wa nyuma iko na kamba ya kusimamisha.” Kisha akaonyesha kamionini. “Kyenyewe kile pale.”

Mkubwa akakiangalia kipoyi. Akauliza: “Inabeba mutu mukubwa?”

“Ilibeba Mwalimu.”

Akawaambia watu wake wakishushe. Hapo ndipo tulipomsikia: nyuma ya migomba, kwenye kibanda chao, mtu alikuwa analia kwa meno yaliyobanwa. Mwenzao alikuwa amepigwa risasi kwenye paja na walikuwa hawana cha kumbebea.

“Commandant, tafadhali,” nikasema, “ni kazi ya egzame. Bila ile, mutoto anapoteza mwaka.”

“Na huyu?” akajibu, akielekeza kidevu kwenye migomba.

Nilidhani Kavugho atalia, au atanyamaza. Akasema: “Habajue kumulaza mutu. Batamuangusha.” Akaenda nyuma ya migomba. Nikamfuata. Aliwaonyesha namna ya kumlaza yule kijana, kichwa upande gani, mguu mbaya upande gani. Akafunga mkanda kwenye paji la uso la askari mmoja mrefu, akaufupisha. Akamwambia wa nyuma: “Mukishuka, vuta kamba pole pole. Hapana kuvuta mara moja.” Yule aliyejeruhiwa akamshika kidole. Wakaondoka naye. Kipoyi hatukukiona tena.

Kamionini alilia mpaka Beni. Nilimfunika na koti langu na kumwacha alie, maana sikuwa na ukubwa wowote wa kumzidi siku ile. Mara moja tu alisema: “Mwalimu, ningeona tu askari, ningekataa. Lakini alikuwa analia sawa Kanyere.”

Juri ilikuwa watu watatu nyuma ya meza. Raisi wao, bwana wa suti ya kahawia, alisoma desen ya Kavugho kwa makini, akauliza: “Na kitu iko wapi?”

Tukaeleza. Alisikitika kweli, niliona. Lakini akasema sheria ni sheria: bila kitu, pointi za atelye ni sifuri, na kwa sifuri hakuna diploma. Kavugho akainamisha kichwa. Mimi nikaomba, nikaapa kwamba nilikiona, nimelala juu yake, nimeanguka nacho.

Hapo mzee wa pembeni, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akainua miwani yake. “Raisi, desen ni ya nini? Ni ili mutu mwenye hakuwa pale ajenge bila kuuliza. Tumupe seremala. Huyu mutoto hapana kufungua kinywa. Kama kitu inatoka, basi iko.”

Wakakubaliana. Jirani ya kituo cha egzame kulikuwa na seremala wa milango na majeneza, mtu wa maneno machache asiyetujua. Akapewa karatasi za saruji na siku mbili. Kavugho akaruhusiwa kukaa kwenye benchi nje, mikono katikati ya magoti, na mmoja wa juri karibu yake. Mimi nilikaa kando ya ukuta. Tulisikia msumeno, tukasikia randa.

Siku ya pili asubuhi seremala akatokea mlangoni na ubao mkononi. Hakutuangalia, alikuwa anajisemea mwenyewe: “Hii tundu ya kamba. Inatobolewa tu, ao…?”

Kavugho akafumba macho. Nikajua anachokijua: kwa tundu lililotobolewa tu, kamba ingekatika mbele ya juri, kama ilivyokatika na mimi. Seremala akaigeuza karatasi. Akaileta karibu na jua, kisha karibu na pua. Akasoma polepole, silabi kwa silabi, yale maneno mawili ya pembeni: “Tundu… kuchomwa.” Akaingia ndani kuwasha moto.

Saa sita kipoyi kilikuwa kimesimama uani. Raisi wa juri alivua koti lake la kahawia, akalikunja, akalala mwenyewe juu ya kipoyi, na wanawake wawili wa jirani wakamteremsha mpaka mtoni na kumpandisha. Kamba ikashika. Kavugho alipita, wanangu. Pointi zake sitawaambia, amenikataza, anasema mtajilinganisha.

Kipoyi kile cha seremala wa Beni ndicho kilichokwenda Vuhovi. Sikukiona miezi kadhaa. Siku moja Kavugho, ambaye sasa alikuwa anafundisha hesabu shule ya wadogo, akaja mbio mpaka atelye: “Mwalimu, twende ku hospitali. Banamama ba kwetu bamefika.”

Tukawakuta kwenye baraza, wanawake wawili wamekaa chini na miguu imenyooshwa, matope mpaka magotini, alama ya mkanda bado nyekundu vipajini. Walikuwa wamemleta mke wa jirani yao aliyeshindwa kuzaa tangu jana; alikuwa ndani na waganga wa hospitali. Kipoyi kimeegemea ukuta. Nikakisogelea kwa furaha. Miguu yangu minne, ile ya panzi, ilikuwa imekatwa. Imekatwa kwa panga, tena bila huruma.

“Nani alikata hii?”

“Ni sisi,” akasema yule mkubwa, Mama Katungu, bila kuomba msamaha. “Ilikuwa inakamata mu majani. Na tena, Mwalimu, kipoyi ikisimama, mugonjwa iko kule yulu, miye niko huku chini, simuone. Tukipumuzika tunamulaza ku udongo karibu yetu. Tunamupa maji. Tunamushika mukono, tunamuangalia mu macho. Vile haogope.”

Kavugho alikuwa amekwisha kupiga magoti, kidaftari kwenye paja. “Mama, unakaa chini, unashika mukono yake namna gani? Nionyeshe.” Mama Katungu akamwonyesha, mkono wake ukiwa hewani juu ya mgonjwa asiyekuwepo. “Ngoja hivyo. Nikupime. Mwalimu, kamata hapa.”

Akanipa ncha ya mita. Nikapiga magoti kwenye saruji ya baraza, nikaibana chini kwa kidole gumba, yeye akaivuta mpaka kwenye kiganja cha yule mama.

Ndani mtoto akalia. Sauti nyembamba, yenye hasira, ya mtu aliyecheleweshwa. Mama Katungu akaruka, akasema “Wasingya, wasingya,” yaani asante, sijui kwa nani, na mwenzake akajifunika uso na kitenge.

“Mama, hapana kutikisika,” Kavugho akasema. “Sijaandika.”

Akanisogezea kidaftari bila kuniangalia, akasoma namba kwenye mita, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Nami nikaandika.